Viatu vya kunyanyulia vyuma: soli ngumu ndiyo inayouza

Na Mwandishi Wetu

Katika meza moja ya viatu upande wa Tanzania wa mji wa Namanga, kijana mmoja alifika na ombi ambalo wauza viatu wa mpakani wanazidi kulisikia.

"Shikamoo mama. Natafuta raba ya jimu, nabeba vyuma."

"Marahaba mwanangu. Hii hapa," akajibu muuzaji, huku akiibonyeza soli nene ya raba ya kukimbilia kumwonyesha inavyodidimia. "Laini kama godoro."

Kijana akalipa, akaondoka ameridhika. Wiki moja baadaye akairudisha. Kila alipoweka chuma mabegani na kuchuchumaa alikuwa akiyumba, na mwalimu wake wa mazoezi alimwambia aivue kabla hajaumia. Mama yule, ambaye ndiye aliyemsimulia mwandishi wa makala haya kisa hicho, alimrudishia fedha ili asimpoteze mteja. Raba ikauzwa baadaye kwa hasara.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Wote wawili waliamini kwamba kiatu kizuri ni kiatu laini. Kwa mtu anayekimbia au anayesimama dukani kutwa nzima, imani hiyo ina ukweli. Kwa mtu anayenyanyua uzito mkubwa ni kinyume kabisa, na kosa hilo linamgharimu mnunuzi magoti na mfanyabiashara mtaji.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kiatu sahihi cha kunyanyulia uzito, na mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kuweka fedha zao katika bidhaa hii.

Kwa nini raba ya kukimbilia haifai

Raba ya kukimbilia imetengenezwa ili kupunguza mshtuko. Kila mguu unapotua chini, povu lililo ndani ya soli hubonyea, kisha hurudi lilivyokuwa. Mkimbiaji hutua maelfu ya mara katika safari moja, hivyo ulaini huo ni msaada kwake.

Mnyanyuaji hatui. Amesimama mahali pamoja akiwa na uzito wa mwili wake na uzito wa chuma. Mtu wa kilo 75 akiweka chuma cha kilo 100 mabegani, nyayo zake mbili zinabeba kilo 175. Povu likibanwa kiasi hicho hubonyea, na mara nyingi halibonyei sawasawa. Likididimia zaidi upande wa ndani, kifundo cha mguu kinainama kuelekea ndani, goti linakifuata, na mgongo unalazimika kufidia. Aidha, sehemu ya nguvu ambayo mtu anaisukumia ardhini inaishia kulibonyeza povu badala ya kuinua chuma.

Dereva wa lori analielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili. Gari lililopakia mzigo kamili kwenye tairi zenye upepo pungufu hulala kila kona. Mzigo ni uleule na barabara ni ileile, ila tatizo liko pale gari linapokutana na ardhi. Mnyanyuaji naye anakutana na ardhi kupitia soli peke yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaifuata, ni hii: soli ya kiatu cha kunyanyulia uzito isibonyee. Rangi, jina la kampuni na uzuri wa umbo huja baadaye.

Kisigino kilichoinuka au soli bapa?

Baada ya ugumu wa soli linakuja swali la kisigino. Hapa ndipo wauzaji wengi hukosea, kwa sababu si wanyanyuaji wote wanaohitaji kiatu cha aina moja.

Kundi la kwanza ni la wale wanaofanya mchezo wa kunyanyua uzito unaoonekana katika Michezo ya Olimpiki. Humo kuna aina mbili za minyanyuo: chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, na chuma kutoka sakafuni hadi mabegani kisha juu ya kichwa. Katika zote mbili mchezaji huchuchumaa chini sana huku kifua kikibaki wima. Viatu vyao vina kisigino kigumu kilichoinuka, kwa kawaida milimita 15 hadi 20 kuliko sehemu ya vidole. Kisigino hicho hulipa goti nafasi ya kusogea mbele bila unyayo kunyanyuka, na mwili haulazimiki kuinamia mbele. Zamani visigino hivyo vilitengenezwa kwa mbao au kwa tabaka za ngozi zilizobanwa pamoja. Siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu, ingawa vya mbao havijatoweka.

Kundi la pili ni la mashindano ya nguvu yenye minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kuinua chuma kutoka sakafuni mpaka unaposimama wima. Katika mnyanyuo wa kuchuchumaa baadhi yao hupenda kisigino kilichoinuka. Lakini katika kuinua kutoka sakafuni hali ni tofauti. Kila milimita ya soli humweka mchezaji mbali zaidi na chuma kilichopo chini, na kumwongezea umbali wa kukiinua. Hivyo wengi huchagua kiatu bapa chenye soli nyembamba. Ndiyo maana kiatu cha turubai cha Converse, ambacho asili yake ni mpira wa kikapu, kimekuwa maarufu kwa wanyanyuaji kwa miaka mingi. Ni bapa, ni kigumu kiasi cha kutosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya viatu maalumu.

Kundi la tatu ndilo lenye wateja wengi zaidi katika miji yetu. Ni vijana na watu wazima wanaokwenda jimu mara tatu kwa wiki, wananyanyua kidogo, wanaruka kamba, wanakimbia kwenye mashine kisha wanarudi nyumbani. Hawa hawahitaji kisigino cha milimita 20. Kinachowafaa ni raba bapa ya mazoezi yenye soli imara, ambayo wanaweza pia kutembea nayo.

Mteja akifika mezani, muulize maswali matatu kabla ya kumtolea kiatu. Unafanya mazoezi gani hasa? Unachuchumaa mpaka chini au nusu? Unashindana? Ukipata majibu hayo utakuwa umeshajua umwonyeshe nini.

Kuna na jaribio dogo la kufanya palepale. Mwombe achuchumae bila mzigo, nyayo zote zikiwa chini. Kama visigino vinanyanyuka au anaangukia nyuma, weka kibao chembamba chini ya visigino vyake arudie. Akishuka vizuri zaidi, kiatu chenye kisigino kilichoinuka huenda kikamsaidia. Ila usimwahidi miujiza. Kisigino kilichoinuka huongeza kazi kwa misuli ya mapaja na kwa magoti, na mwenye maumivu ya goti aanze kwa daktari, si kwa muuza viatu.

Jinsi ya kukikagua kiatu

Ukaguzi wa kiatu cha kunyanyulia hauhitaji mashine. Unahitaji mikono, rula na meza iliyo sawa.

Kwanza, bonyeza kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, kutoka pembeni na kutoka ndani. Kikidimbika, kiweke pamoja na viatu vya kukimbilia.

Pili, weka viatu vyote viwili mezani na uvisukume kulia na kushoto. Kiatu kinachotikisika juu ya meza kitamtikisa mtu mwenye kilo mia mabegani.

Tatu, pima kwa rula urefu wa visigino vya jozi moja. Viwe sawa. Katika bidhaa za bei nafuu, na hasa katika mitumba iliyotumika upande mmoja zaidi, tofauti ya milimita mbili au tatu si jambo la ajabu, na tofauti hiyo inaishia kwenye nyonga.

Nne, kikunje. Kiatu cha kunyanyulia kinapaswa kukunjika kidogo sehemu ya vidole tu. Kikikunjika katikati ya unyayo hakina uti. Kisipokunjika kabisa, mchezaji anayehitaji kusukuma kwa vidole atapata shida.

Tano, angalia kinavyoshika mguu. Viatu vingi vya mchezo huu vina kamba pamoja na mkanda mmoja au miwili inayopita juu ya unyayo, ili mguu usiteleze ndani wakati wa kuruka na kupanua miguu. Vuta mkanda kwa nguvu ukague mshono wake, kwani hapo ndipo pa kwanza kufumuka.

Sita, tazama chini. Soli iwe ya mpira unaoshika sakafu, iguse chini kwa upana wake wote, na isiwe na meno kama ya njumu za mpira wa miguu.

Kama mteja wako anashindana, kuna kanuni za mashirikisho pia. Shirikisho la Kimataifa la Kunyanyua Uzito, IWF, limeweka kikomo cha milimita 130 kwa urefu wa sehemu ya juu ya kiatu kuanzia juu ya soli, na soli isitokeze nje ya kiatu kwa zaidi ya milimita 5. Katika mashindano ya minyanyuo mitatu yanayosimamiwa na IPF, soli isizidi sentimita 5. Viatu vya kawaida vya mchezo huu havivuki mipaka hiyo, lakini kiatu kilichoongezwa na fundi kinaweza kuivuka.

Swali jingine linaloulizwa ni kama mtu anaweza kunyanyua peku. Peku hakuna povu la kubonyea, na wapo wanaofanya hivyo. Tatizo ni kwamba mguu hauna kinga wala kinachoushika. Katambuga za tairi nazo zina mpira mgumu usiobonyea kirahisi, ila mguu huteleza juu yake. Malapa yasizungumziwe kabisa. Na ikumbukwe kwamba hata kiatu maalumu cha kunyanyulia hakina chuma mbele. Sahani ya kilo 20 ikikuangukia vidoleni, hakitakuokoa.

Namba ya kiatu ndiyo inayofunga mtaji

Kiatu cha kukimbilia huachiwa nafasi mbele ya vidole. Kiatu cha kunyanyulia kinatakiwa kukaa karibu zaidi na mguu: kisigino kisicheze, vidole viweze kutanuka kidogo, na unyayo usiteleze mbele. Hivyo mtu anayevaa raba namba 43 anaweza kuhitaji 42 au 42 na nusu katika kiatu cha kunyanyulia.

Namba zenyewe nazo si lugha moja. Namba za Ulaya, za Uingereza na za Marekani zinahesabiwa kwa vipimo tofauti, na 42 ya kiwanda kimoja si lazima iwe sawa na 42 ya kingine. Njia salama ni kuagiza kwa sentimita. Chora unyayo wa mteja kwenye karatasi jioni, mguu ukiwa umejaa, akiwa amevaa soksi atakayotumia. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, kisha mtake msambazaji akupe jedwali lake la sentimita. Viwanda vingi vina jedwali hilo, hata kama hawalitoi bila kuulizwa.

Wanawake wasisahauliwe katika oda. Mchezo wa kunyanyua uzito kwa wanawake uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, na wanawake wanaobeba vyuma katika majimu ya miji yetu si wa kutafuta tena. Mfanyabiashara anayeleta namba 42 hadi 45 pekee anawafungia mlango.

Mitumba: kiatu kizima, soli iliyokufa

Viatu vya kunyanyulia vya kampuni kubwa, kama vile Adipower ya Adidas au Romaleos ya Nike, vikiwa vipya vinaweza kufika dola 200 za Marekani na zaidi. Wateja wengi hawawezi bei hiyo, ndiyo sababu baadhi yao hutafuta bahati yao Gikomba jijini Nairobi, Owino jijini Kampala au Karume jijini Dar es Salaam. Jozi nzuri hutokea kwenye robota, na muuzaji asiyejua alichonacho huiuza kwa bei ya raba ya kawaida.

Lakini mitumba ina ugonjwa wake. Soli za povu la aina ya poliyurithani huharibika zenyewe kwa unyevu na umri, hata kiatu kisipovaliwa. Kiatu kilichokaa miaka mingi kwenye ghala kinaweza kuonekana kipya kabisa, halafu siku ya pili ya kuvaliwa soli ikabomoka kama mkate mkavu. Unyevu na joto la ukanda wa pwani huharakisha jambo hilo, na gundi nayo hulegea. Kabla ya kununua, bonyeza soli kwa ukucha na uikunje mara kadhaa. Ukiona nyufa ndogo, unga au mnato, iache. Kisigino cha mbao kikague kama kimevimba au kupasuka kwa maji.

Wauzaji wa mitumba wanaovuka mipaka waangalie pia kwamba sera za nchi zetu hazifanani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa viatu vilivyotumika kutoka dola 0.5 hadi dola 5 kwa kilo. Kiatu cha kunyanyulia ni kizito, jozi moja inakaribia kilo moja, hivyo ushuru unaotozwa kwa kilo hukiumiza kuliko kandambili.

Forodhani: si "kiatu cha michezo"

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata mawakala wa forodha wenye uzoefu. Katika kitabu cha ushuru, viatu viko katika sura ya 64. Vichwa vya 6402, 6403 na 6404 vina vifungu vya viatu vya michezo, na mtu anaweza kudhani kiatu cha kunyanyulia uzito kinaingia humo moja kwa moja. Sivyo.

Kwa mujibu wa maelezo ya sura hiyo, viatu vya michezo ni vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya mchezo na vyenye meno, misumari au nafasi ya kuvifungia, pamoja na viatu vya kutelezea kwenye barafu na theluji, vya mieleka, vya ndondi na vya baiskeli. Kiatu cha kunyanyulia uzito hakina meno na hakimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kinapangwa kulingana na malighafi yake.

Kinachoangaliwa ni mambo mawili: malighafi iliyochukua eneo kubwa zaidi la nje ya sehemu ya juu ya kiatu, na malighafi ya soli inayogusa ardhi. Sehemu ya juu ikiwa ya ngozi halisi na soli ni ya mpira, tafuta kichwa 6403. Ikiwa ya plastiki au ngozi bandia, tafuta 6402. Ikiwa ya kitambaa, tafuta 6404, ambako kifungu cha 6404.11 kinataja pia raba za jimu na za mazoezi. Kisigino cha mbao hakibadilishi hesabu hiyo, kwa kuwa kinachogusa ardhi ni mpira. Mikanda na vipande vya kuimarisha navyo havihesabiwi. Viatu vilivyotumika, vyenye dalili dhahiri za kuvaliwa na vilivyofungwa kwa wingi kwenye robota au magunia, huenda kichwa 6309. Viatu vipya vilivyofichwa ndani ya robota la mitumba si mitumba, na vikikamatwa utalipa zaidi ya ulichotaka kuokoa.

Kuna dhana nyingine inayowaponza wafanyabiashara wadogo. Wengi wanaujua utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaoruhusu mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kiatu kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Kenya kwa sababu umekinunua Nairobi, wala cha Tanzania kwa sababu umekitoa Kariakoo. Bali kiatu kilichotengenezwa na kiwanda au fundi wa ndani ya Jumuiya, kikitimiza masharti ya uasilia, kinavuka bila ushuru wa forodha. Fundi wa ngozi anayeweza kufunga kisigino kigumu cha milimita 15 kwa usahihi ana soko hapo, na wateja wake hawasubiri meli.

Mambo mengine mawili ya kuuliza mapema ni ubora na alama. Kenya, Tanzania na Uganda zina mipango ya kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nje, chini ya KEBS, TBS na UNBS. Na kuhusu majina makubwa, viatu bandia si suala la mteja kulalamika tu. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na nchini Tanzania Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza bidhaa za namna hiyo. Kiatu kisicho na jina lakini chenye soli ngumu ni mali halali. Kiatu chenye jina la kuiba ni mzigo wa kuchomwa moto.

Hesabu kabla ya oda

Tuchukue mfano. Unaagiza kwa meli jozi 40, na hadi bandarini kila jozi imekugharimu dola 30 pamoja na bima na nauli. Jumla ni dola 1,200. Ushuru wa forodha ukiwa asilimia 25, unalipa dola 300. VAT ya asilimia 18, kama ilivyo Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, juu ya dola 1,500 ni dola 270. Mzigo umefika dola 1,770, yaani dola 44.25 kwa jozi, kabla ya tozo nyingine, wakala na usafiri wa nchi kavu.

Lakini tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ina daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Kwa kiwango hicho ushuru unakuwa dola 420, VAT dola 291.60, na jumla dola 1,911.60, sawa na dola 47.79 kwa jozi. Tofauti ni zaidi ya dola 140 katika mzigo mdogo tu. Hivyo muulize wakala kiwango cha kifungu chako kwa mwaka huo wa fedha kabla ya kutuma fedha, si baada ya meli kutia nanga.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko forodhani. Iko kwenye rafu. Ukiwa na gharama ya dola 1,770 na jozi 10 kati ya 40 zikabaki kwa sababu namba zake haziuziki au aina si sahihi, kila jozi kati ya 30 zilizouzwa imebeba dola 59. Gharama imepanda kwa theluthi moja bila mtu yeyote kukuibia. Ndiyo maana ni busara kutembelea majimu matatu au manne, kuandika namba na mahitaji ya watu, kupokea malipo ya awali, kisha kuagiza kidogo. Bidhaa hii haiendi kwa wingi kama kandambili. Inakwenda kwa oda.

Kwa wasafirishaji

Ingawa kiatu hiki ni kizito, mara nyingi kinalipiwa nafasi na siyo uzito. Chukua boksi la sentimita 35 kwa 25 kwa 13. Mashirika mengi ya ndege hugawanya ujazo kwa 6,000 kupata kilo za kutoza. Boksi hilo linakuwa takribani kilo 1.9, wakati kiatu chenyewe ni kama kilo moja. Jozi 40 zenye uzito wa kilo 40 zitatozwa kama kilo 76. Kubaliana na mteja mapema kama maboksi yakunjwe na viatu vifungwe kwa mifuko, na kila kiatu kijazwe karatasi ili umbo lisiharibike.

Barabarani, maadui ni maji, joto na mzigo wa juu. Usipange magunia ya saruji juu ya katoni za viatu. Turubai likaguliwe kabla ya msimu wa mvua, kwa kuwa lori linaweza kulala foleni mpakani usiku kucha. Hesabu jozi, si katoni, wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi.

Kiatu cha kuli ni kingine

Mwisho, tusichanganye mnyanyuaji wa jimu na kuli anayepakia lori. Wote wanabeba uzito, na wote wanahitaji soli isiyoyumba. Lakini kuli anatembea na mzigo kwenye matope, misumari na mbao za kupandia, na gunia linaweza kumponyoka. Anachohitaji ni buti la usalama. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 kinataka kinga ya vidole inayostahimili pigo la jouli 200, sawa na kilo 20 zikidondoka kutoka karibu mita moja. Alama ya S3 inamaanisha kwamba buti lina pia kinga ya kutobolewa chini, linazuia maji kupenya, na soli yake ina meno ya kushika.

Msafirishaji anayewapakiza watu kwa malapa anaokoa bei ya buti na kuhatarisha mguu wa mtu mwenye familia. Na hakuna buti linalohalalisha lumbesa. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo kwa mwanamume mzima. Magunia mengi yanayopanda malori yetu yanajulikana yana kilo ngapi.

Kwa kumalizia

Yule mama wa Namanga bado anauza viatu. Alichobadilisha ni jambo moja: sasa raba za kukimbilia ziko upande mmoja wa meza, na zenye soli ngumu upande mwingine. Mteja akisema anabeba vyuma, anaulizwa kwanza anabeba vipi, halafu anapewa kiatu akibonyeze mwenyewe. Anasema hajarudishiwa jozi tangu hapo.

Nasi tunamshauri msomaji afanye vivyo hivyo. Bonyeza, pima, uliza, kisha ndipo utoe fedha. Biashara njema na safari njema.